Shangazi, tumpeleke Mama kwenye makazi yenye piano?

Shangazi, shikamoo.

Mama yangu ana miaka 81. Tangu Baba afariki miaka mitatu iliyopita anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, na kutoka sebuleni hadi chumbani kwake ni ngazi kumi na nne. Mwezi wa pili alianguka bafuni. Hakuvunjika, lakini alilala sakafuni tangu alfajiri hadi jirani alipokuja kugonga saa sita mchana. Anameza dawa tano kwa siku, na mara mbili nimekuta za asubuhi bado ziko kwenye kiboksi jioni.

Mdogo wangu wa kiume, ambaye ana uwezo, amepata makazi ya wastaafu ya hali ya juu. Nimekwenda kuyaona na kusema kweli nilitamani nibaki mimi. Ukumbini kuna piano kubwa nyeusi na maua mabichi. Kuna bwawa la maji ya uvuguvugu, maktaba, saluni, na muuguzi yupo usiku na mchana. Unalipa ada ya kuingia kwa mkupuo, halafu ada ya kila mwezi. Ili kupata hiyo ya kuingia itabidi tuuze nyumba ya Mama.

Kitinda mimba wetu anasema huko ni kumtupa mzazi. Mdogo wangu anajibu kwamba kumwacha na ngazi zile ndiko kumtupa. Mama mwenyewe akiulizwa anasema, "Fanyeni mnavyoona." Wametuambia punguzo la ada ya kuingia linakwisha mwisho wa mwezi huu. Nipime vipi?

Kifungua Mimba

*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo piano, maana naona imekushika.

Mama yangu aliishi miaka minne katika makazi ya namna hiyo hiyo, na piano ilikuwepo, inang'aa mpaka unajiona meno. Katika miaka yote minne niliisikia ikipigwa mara tatu. Mara mbili kati ya hizo alikuwa fundi aliyekuja kurekebisha sauti zake. Nilichelewa kuelewa kwamba piano ile iliwekwa kwa ajili yangu mimi, binti mwenye kalamu mkononi na dhamiri inayomsuta. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Sun City, mji wa wastaafu kule Arizona, Marekani, ulipofunguliwa tarehe 1 Januari 1960, wateja walipokewa na nyumba tano za maonyesho zilizokwisha pambwa, uwanja wa gofu na maduka, wakati sehemu kubwa ya mji bado ni mchoro kwenye karatasi. Watu walifurika, wakanunua.

Mimi pia maua mabichi hunifurahisha. Ila ulichokwenda kukitazama ni ukumbi, na mnachotaka kukilipia ni vitu viwili ambavyo havikai ukumbini: mtu atakayekuja Mama akivuta kamba ya kengele saa tisa usiku, na karatasi inayosema nani atalipa siku Mama atakaposhindwa kuvaa nguo mwenyewe.

Nitaanza na faida, na sitazipunguza, kwa sababu nimeziona.

Saa zile za sakafuni peke yake zinatosha kuwakosesha usingizi. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kila mwaka vinavyotokana na kuanguka. Kwa vifo vya ajali ni chanzo cha pili duniani, nyuma ya ajali za barabarani, na wanaokufa zaidi ni wenye umri wa kupita miaka 60. Tena ubaya hauko kwenye kuanguka tu. Mzee akilalia upande mmoja saa nyingi misuli huanza kuharibika, na uchafu wake unapoingia kwenye damu huzielemea figo. Mama yangu naye alianguka, mwaka wa pili wa kukaa kule. Alivuta kamba, mhudumu akafika baada ya dakika sita. Dakika hizo sikuzikisia: kila mvuto wa kamba huandikwa, nami niliomba nionyeshwe.

Dawa zilipangwa, akamezeshwa kwa saa zake, na mimi nikaacha kuhesabu vidonge kwenye kiboksi kama karani wa ghala.

Lakini faida iliyonishangaza ilikuwa karata. Alipokuwa kwake, Mama alinipigia simu mara sita kwa siku, na nyingi ya simu hizo hazikuwa na jambo. Miezi minne baada ya kuhamia zikabaki moja, na hiyo moja alikuwa na haraka. "Nina karata," ananiambia, anakata. Ghorofa ya tatu kulikuwa na bibi mmoja ambaye, kwa ushahidi wa Mama, alikuwa akiiba karata. Walinuniana wiki nzima. Mama, ambaye miaka miwili hakuwa na wa kusema naye, sasa alikuwa na wa kununiana naye. Siku hiyo nilikaa kwenye gari nikalia, nusu furaha, nusu wivu.

Sasa upande wa pili. Jumapili moja usiku, mwaka wa tatu, nilikuwa nimekaa naye chumbani. Akahitaji kwenda chooni, na wakati huo alikuwa hawezi kuinuka bila kushikwa. Mimi mgongo wangu haubebi mtu. Tukavuta kamba. Zikapita dakika kumi, ishirini. Nikatoka koridoni: maua yapo, zulia limepigwa brashi, mtu hakuna. Aliyekuja baada ya dakika arobaini alikuwa binti mdogo, anatweta, akituomba radhi huku akifunga glovu. Usiku ule walikuwa wahudumu wawili kwa ghorofa mbili. Mama alikuwa amekwisha jiloweka. Mchana wa Jumatatu, katika makazi yale yale, ungekuta watu wanne wanapishana kukusalimia.

Kwa hiyo rudi, mwanangu, na usirudi kwa miadi. Nenda Jumapili saa mbili usiku. Nenda tena wakati wa chakula cha mchana uketi karibu na watu wanaolishwa, utazame kama mhudumu ameketi au amesimama anatazama saa. Hesabu wahudumu, kisha uliza wamefanya kazi pale muda gani. Kama kila unayemuuliza ana miezi mitatu, kuna jambo. Muulize mkazi mmoja, si yule watakayekuchagulia, akivuta kamba usiku huchukua muda gani. Halafu muulize muuguzi swali hili hili: "Usiku uko humu ndani, au uko kwa simu?" Maneno "saa ishirini na nne" yana tafsiri nyingi.

Sasa twende kwenye mkataba. Huu msome mara tatu, na mara ya tatu uwe na mwanasheria ambaye si wao waliokupa.

Kule Marekani, ambako makazi ya aina hii ni biashara ya miaka mingi, mikataba imezoeleka kugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza unalipa nyingi mwanzoni, na baadaye mtu akihitaji kuuguzwa ada ya mwezi haipandi sana kwa sababu hiyo. La pili linakupa siku kadhaa za uuguzi, zikiisha unaongeza. La tatu unaingia kwa nafuu, lakini kila huduma utakayohitaji baadaye unailipia kwa bei ya siku hiyo. Mahali mnapopataka panaweza kuwa na majina mengine, lakini swali halibadiliki: Mama akizidiwa, ada inakuwa kiasi gani? Wakuandikie. Na uliza "kuzidiwa" kunapimwaje. Wengi hutumia kipimo kilichotokana na kazi ya daktari Sidney Katz na wenzake, kilichochapishwa mwaka 1963, chenye mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Kila jambo ambalo Mama ataanza kushindwa linaweza kuwa ngazi mpya ya malipo. Amehama ngazi kumi na nne, asije akakutana na sita zisizoonekana. Wala msitegemee bima bila kuisoma. Hata Medicare, bima ya wazee ya Marekani, hulipia matibabu, lakini mtu wa kukuogesha na kukuvalisha miaka nenda miaka rudi haimlipii.

Ada ya kuingia nayo: inarudi au hairudi? Ikirudi, inarudi lini? Katika New Zealand, kwa mfano, ni kawaida vijiji vya wastaafu kukata asilimia 20 hadi 30 ya ulicholipa, na familia nyingi zimesubiri mpaka chumba kipate mtu mwingine ndipo zikapewa kilichobaki. Na je, mwenye makazi akifilisika? Hilo si la kubuni: mwaka 2009 kampuni moja kubwa ya makazi haya Marekani iliomba kinga ya ufilisi mahakamani. Ombeni hesabu zao za mwaka zilizokaguliwa. Wakikataa kuzitoa, kwangu hilo ni jibu kamili.

Kuna kifungu kimoja ambacho mimi sikukiona na kilituumiza kuliko pesa. Mama alikuwa na meza yake katika ukumbi wa chakula, karibu na dirisha, pamoja na wenzake watatu, yule mwizi wa karata akiwemo. Alipoanza kutumia kiti cha magurudumu alihamishiwa upande wa uangalizi, na wa upande huo hula ghorofani kwao. Jengo ni lile lile, lifti ni ile ile, lakini meza hakuwa nayo tena. Nilipolalamika nikafunguliwa ukurasa wa kumi na tisa, na kweli, saini ni yangu. Wale wenzake walipanda kumwona wiki mbili za kwanza. Halafu wakawa wanatuma salamu. Uliza hili leo: mtu wa kiti cha magurudumu anakula wapi, na marafiki zake wanakula wapi?

Sasa hao wadogo zako. Neno "kumtupa" limeniudhi, nikiri. Anayelisema anaishi umbali gani na Mama? Nani kati yenu atalala kule kesho? Kama kitinda mimba yuko tayari kulala kule, au kulipa mtu wa kulala kule, na kushusha chumba cha Mama kiwe chini ili ngazi zisahaulike, basi hilo nalo ni pendekezo halali, tena liwekeni mezani na gharama zake zote: mhudumu wa usiku, wa mchana, wa kushika zamu wanapougua, vyuma vya kushikia bafuni. Mara nyingi mkipiga hesabu kwa uaminifu nyumbani si rahisi kama mnavyodhani. Kama hana la kuweka mezani ila neno hilo, mwambieni alihifadhi.

Na "Fanyeni mnavyoona" ya Mama msiichukue kama ruhusa. Nimewasikia wazee wengi wakiisema, na hufuatiwa na miaka ya kimya. Mwaka 1976 wanasaikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti walioufanya katika nyumba ya wazee huko Connecticut. Wakazi wa ghorofa moja waliambiwa maisha yao yako mikononi mwao, wapange vyumba vyao wenyewe, kila mmoja achague mmea autunze. Wa ghorofa nyingine nao walipewa mimea, ila wakaambiwa wahudumu ndio wataimwagilia maji. Baada ya wiki tatu wa ghorofa ya kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Kwa hiyo usimuulize Mama "uende au usiende?" Hilo ni kubwa mno kulimeza kwa mara moja. Mpeleke akaone sehemu mbili tatu, achague dirisha, achague kiti gani atoke nacho nyumbani. Akisema kiti chote hicho hakitaingia, ujue ameanza kupima.

Mimi ningempeleka, mwanangu. Nakuambia wazi ili usidhani nakutisha. Hata kwa kuijua Jumapili ile, ningempeleka tena Mama yangu, kwa ajili ya zile dakika sita na karata. Ila nisingeuza nyumba mwezi huu. Ombeni akae kwanza kama mgeni, wiki mbili tatu hadi mwezi; makazi mengi hupokea wazee kwa muda mfupi, na mkazi wa muda mfupi huona usiku ambao mteja hauoni. Nyumba ipangisheni au ifungeni. Punguzo likiisha, liishe. Vyumba vya bei ile havijai kwa siku moja, na mwenye kukuharakisha kwa nyumba ya mama yako ana sababu zake.

*

Shangazi,

Mimi nina miaka 78, huenda nakuzidi. Watoto wamenilipia katika makazi mazuri sana, nimetimiza miezi miwili. Kila kitu kipo. Lakini kila ninayemtazama ni mzee, na mazungumzo ni magoti na waliokufa. Chakula cha jioni naomba niletewe chumbani. Nimwambie nani kwamba najuta, wakati wametumia fedha zote hizi?

Mpangaji wa Chumba Kizuri

*

Shikamoo kaka. Unanizidi, kwa miaka tisa.

Jambo la kwanza usilale nalo: chukua mkataba wako utafute kipindi cha majaribio. Mingi huwa na muda ambao mtu akitoka hurudishiwa ada yake yote au sehemu kubwa, na miezi miwili yaweza kuwa bado ndani au ukingoni. Waambie watoto leo hii, kabla tarehe haijapita. Kuwaambia "najuta" mwaka kesho kutawagharimu zaidi.

Ukiisha kujua tarehe, ndipo tuzungumze juu ya hiyo sahani ya chumbani. Kumbi hizi za chakula zina wenyewe. Kila kiti kina mtu wake ingawa hakuna jina, na mgeni akikaa pasipo pake hutazamwa kama aliyeingia na viatu msikitini. Mama yangu alikula chumbani wiki tano za mwanzo. Kilichomtoa ni mhudumu mmoja aliyegundua kwamba amehamia bibi mwingine, naye mgeni, akawaketisha pamoja. Muulize mkuu wa huduma nani amehamia mwezi huu.

La wazee watupu una haki kulilalamikia, na wapo waliolisikia. Huko Deventer, Uholanzi, makazi ya wazee ya Humanitas huwapa wanafunzi wa vyuo vyumba bila kodi, na wao hulipa kwa saa 30 kila mwezi za kuwa majirani wema kwa wakazi. Kijana anarudi usiku, anapita koridoni, anasimulia alikotoka. Kwenu hakuna hilo, lakini bila shaka kuna chumba cha mikutano kinachokaa kitupu siku nzima. Hukusema ulikuwa ukifanya kazi gani. Kama ulikuwa fundi au mwalimu au karani wa mahakama, omba chumba hicho saa mbili kwa wiki na waalike vijana wa nje waje kujifunza kwako. Uongozi utakubali, wanapenda picha za namna hiyo kwenye vipeperushi vyao.

Na kama baada ya hayo bado unataka kurudi kwako, rudi. Fedha ni za watoto, sawa, lakini anayekula chumbani ni wewe.

*

Shangazi,

Mke wangu ameanza kusahau sana, usiku hutoka nje. Mimi ni mzima. Tumelala kitanda kimoja miaka 52, yeye upande wa ukutani. Makazi tuliyoyaona yanasema yanapokea wenza. Nisaini?

Mume

*

Bado, ndugu yangu. Uliza kwanza wanawapokea wenza mpaka lini. Mahali pengi mnaingia pamoja, kisha mmoja akizidiwa na usahaulifu huhamishiwa sehemu yenye milango ya kufuli, mwingine akabaki chumbani, na ada zikawa mbili. Zipo sehemu zilizojengwa kwa fikra tofauti. Hogeweyk, kule Weesp, Uholanzi, kilichofunguliwa mwaka 2009, ni kijiji kizima cha wenye usahaulifu, chenye mitaa, duka na bustani, mtu anatembea apendavyo na lango kuu moja tu ndilo linalolindwa. Hukuniambia kama mlikoonyeshwa kuna nafasi ya kutembea au ni koridoni tu. Mwenye kutoka usiku anahitaji pa kutembea.

Basi uliza mambo matatu, majibu yawe kwa maandishi: akihamishwa, nami naweza kulala naye huko? Kama siwezi, naruhusiwa kwake saa ngapi, na asubuhi nani atamwambia niko wapi? Na ada ya mtu wa pili ni kiasi gani sasa, na itakuwa kiasi gani tukitenganishwa?

Kisha ingia kwenye chumba wanachotaka kuwapa uangalie kitanda. Vyumba vingi nilivyoviona vina viwili vidogo, meza katikati. Waambie watoe hivyo, walete kimoja kipana, wakisukume mpaka kiguse ukuta.